Mpimaji wa Pili

Barua ya chuo ilifika Jumatatu saa nne asubuhi, na kwa kuwa Gramu alikuwa ametoa anwani ya kiwandani badala ya ile ya nyumbani, kiwanda kizima kilijua imefika kabla yeye mwenyewe hajaiona. Mlinzi wa getini alimwambia dereva wa forklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, dereva akaipeleka habari stoo, na ilipofika chumba cha mizani ilikuwa imeshaota miguu: Gramu amefaulu, Gramu amefeli, Gramu anaacha kazi.

Huyo Gramu alikuwa mkuu wa chumba cha mizani katika kiwanda cha sabuni ya unga. Jina hilo alipewa na wenzake, na hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kupima kila kinachoingia katika pipa la kuchanganyia: magadi, chumvi, manukato, rangi ya bluu. Magadi yakizidi, sabuni huchubua mikono ya watu. Bluu ikipungua, sabuni hutoka imepauka kama chokaa, na hakuna mnunuzi anayeitaka. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mchanganyiko hata mmoja uliomwagwa kwa kosa la mizani. Jambo hilo alilisema mara moja kila mwaka, kwenye mkutano wa wafanyakazi, akiwa amesimama na mikono nyuma.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Shule aliiacha akiwa kidato cha pili, baba yake alipougua, na vidato vilivyobaki alivisoma ukubwani, madarasa ya jioni, kwenye madawati yaliyomkaba magoti. Baada ya hapo akasema ataingia Chuo cha Biashara. Watu walicheka kidogo, halafu wakazoea.

Siri ya chumba cha mizani ilikuwa kupima mara mbili. Chombo kitupu kwanza, uzito wake unaandikwa. Kisha kinajazwa, namba inasomwa na kuandikwa kwa penseli. Baada ya hapo kila kitu kinaondolewa, sahani ya mizani inasafishwa kwa brashi, na kazi inaanza upya kana kwamba hakuna aliyepima. Namba ya pili ndiyo inayoingia kwenye kitabu kwa wino. Hata kama ile ya kwanza ilipendeza zaidi, imeshakwenda na maji.

Gramu aliifungua barua kwa ukingo wa rula. Ndani mlikuwa na ukurasa wa matokeo ya mtihani wa kujiunga na fomu mbili, moja ya kijani, moja ya njano.

"Haya, Profesa, tusomee," alisema dereva wa forklifti, aliyekuwa amezima mashine yake mlangoni bila sababu yoyote ya kikazi. "Umekula au umeliwa?"

"Hamsini na saba."

"Kati ya ngapi?"

"Themanini."

"Si haba. Mimi ningepata saba, tena za kuangalizia."

"Wanaoingia diploma ni wa kuanzia sitini," Gramu alisema, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, aliinua macho. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, aliyetoka upande wa kufungasha na kupewa cheo cha mpimaji wa pili. Si Gramu peke yake aliyemwita Shangazi. Hata mwenye kiwanda alimwita hivyo.

"Kwa hiyo umekosa tatu," alisema. "Na hizo karatasi za rangi?"

"Ya kijani ni ya kukubali walichonipa. Kuanzia hamsini mpaka hamsini na tisa unapewa nafasi ya cheti cha utunzaji wa ghala. Mwaka mmoja."

"Na ya njano?"

"Ya kurudia mtihani. Wiki tatu zijazo."

"Ukirudia ukapata zaidi?"

"Naingia diploma."

"Ukipata pungufu?"

"Hizi hamsini na saba zinafutwa. Wao wanahesabu ya mwisho tu. Nikishuka chini ya hamsini sipati kitu, na siruhusiwi kugusa mlango wao mpaka miaka mitatu ipite."

Shangazi alifikiri. "Kama mizani yako," alisema. "Ya pili ndiyo inayoandikwa."

"Jikaze kisabuni, Profesa," dereva alisema, akawasha mashine na kuondoka, akiwa ameridhika na mzaha wake kwa kuwa ulisemwa mahali penyewe.

Gramu alibaki na fomu zake. Alikuwa na mpaka Ijumaa saa sita mchana kupeleka moja kati ya hizo, dirisha namba tatu. Meneja wa uzalishaji alikuwa anastaafu mwaka wa pili kuanzia huo, na mwenye kiwanda alikuwa amesema mbele ya watu kwamba nafasi hiyo ataichukua mtu wa humu humu, mradi awe anasomea diploma. Cheti hakikutajwa. Nyuma ya fomu ya kijani kulikuwa na orodha ya masomo: kupanga magunia, kusafisha mizani, kuandika kitabu cha stoo. Pembeni walikuwa wamechora mizani, ya zamani kuliko ile aliyoikuta yeye siku anaajiriwa.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na sebule yao ilikuwa nusu sebule, nusu kiwanda. Jioni ile Gramu alizitandaza fomu mbili juu ya meza ya kukatia, mama huyo akazisogeza ili zisishike chaki.

"Chukua ya kijani, Baba Mapacha," alisema, akiwa na pini mbili mdomoni. "Kiti unacho. Mtu akiinuka kwenye kiti akatafute kizuri zaidi, akirudi anakuta kimeshakaliwa."

"Kiti chenyewe ndicho kile kile ninachokalia kiwandani."

"Basi si umekizoea."

"Mama Mapacha, wanataka kunifundisha kusafisha mizani. Mwaka mzima."

"Utakuwa wa kwanza darasani." Alitoa pini mdomoni, akaacha utani. "Sikukatazi. Nasema tu kwamba hicho umeshakishika mkononi, na kile kingine kiko juu ya kabati. Ukinyoosha mkono lazima ukiachie hiki."

Mapacha wao, mabinti wa miaka kumi na mitano, walikuwa wanakunja sketi zilizokamilika. Yule mdogo, ambaye udogo wake ulikuwa wa dakika ishirini na bado alikuwa anaulipia kila siku, alisema, "Baba, sisi tukifeli hesabu unatuambia tuangalie kwanza tulikosea wapi, kulia ni baadaye. Wewe umeangalia?"

"Sijafeli. Na sijalia."

"Lakini umeangalia?"

Hakuwa ameangalia. Barua ilisema, kwa maandishi madogo chini kabisa, kwamba mtahiniwa anaweza kuitazama karatasi yake chuoni. Kesho yake aliomba ruhusa ya saa mbili.

Kwenye korido ya chuo kijana mmoja alimpisha kwa heshima na kumwelekeza. "Shikamoo, mzee. Wazazi wanasubiria kule mwisho."

"Marahaba. Mimi ni mtahiniwa."

"Samahani, mzee."

"Usijali. Hata mimi huwa nasahau."

Chumba cha kutazamia karatasi kilikuwa na meza sita na msimamizi mmoja mwenye saa ya ukutani nyuma ya kichwa chake. Dakika kumi, bila kalamu. Gramu alipewa bahasha yake, akaifungua kama mtu anayefungua mzigo uliorudishwa na mteja.

Maswali aliyojibu yalikuwa hamsini na tisa. Aliyokosa yalikuwa mawili. Baada ya swali la hamsini na tisa kulikuwa na weupe mtupu hadi la themanini: mistari ishirini na moja isiyoguswa. Alikumbuka vizuri. Kengele ilipolia alikuwa bado anahakiki la hamsini na tisa.

Halafu aliziangalia karatasi za kukokotolea, zilizobanwa nyuma. Kila hesabu ilikuwa imefanywa mara mbili, kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na kati ya hizo mbili alikuwa amepiga mstari safi kwa rula. Hamsini na tisa, zote mara mbili, na zote zilikubaliana. Katika mtihani mzima, mara ya pili haikusahihisha ya kwanza hata mara moja. Hata yale mawili aliyokosa aliyafanya mara mbili, akakosea mahali pale pale, akapata jibu lile lile baya, akalitia tiki ya kuridhika.

"Muda umekwisha, mzee," alisema msimamizi.

Aliporudi kiwandani alimsimulia Shangazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Shangazi alisikiliza yote, akasema "Ahaa," na hakuongeza neno. Kwa mtu mwenye ulimi wa Shangazi, hiyo ilikuwa hotuba.

Mkewe hakuwa mchache wa maneno.

"Kwa hiyo hesabu unazijua," alisema. "Ila ni mwoga."

"Si uoga. Ni uangalifu."

"Uangalifu gani wa kuacha maswali ishirini na moja?"

Gramu akaenda kunawa mikono.

Jumatano alitoka kazini mapema, na mkewe alikuwa amemwandalia dawa. Alichukua kitabu cha mazoezi ya mtihani, akakikata kwa mkasi wa kazi, swali moja moja, mpaka akapata vipande arobaini. Mbele yake aliweka saa ya mezani, na kando ya saa, kopo kubwa la vifungo, ambalo vifungo vyake alikuwa amevimwaga.

"Nakupa kipande," alisema. "Unajibu, unanirudishia, kinaingia kopo. Hakitoki. Vipande arobaini, dakika arobaini."

"Na kama nimekosea?"

"Kimekufa na kosa lake. Tunazika, tunaendelea."

Kipande cha kwanza kilipoingia kopo, mkono wa Gramu ulikifuata wenyewe hadi mdomoni mwa kopo, kama kuku anayefuata punje, na mkewe akauchapa kwa futi ya kushonea. Mapacha walicheka hadi wakaambiwa watoke. Kipande cha pili mkono ulinyanyuka ukarudi. Kufika cha kumi jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mgongo, na alijiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango, anatembea huku anajua kwamba hakufunga. Kufika cha ishirini mlango ulikuwa bado wazi, lakini alikuwa ameshafika mbali mno kurudi. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika tatu.

Mkewe alimwaga kopo mezani, wakasahihisha pamoja. Thelathini na sita kati ya arobaini.

"Zidisha mara mbili," alisema mkewe.

"Sabini na mbili. Kati ya themanini."

"Usinihakikishie. Nimesikia."

Usiku huo Gramu alilala vizuri kuliko siku zote za wiki ile, na Alhamisi asubuhi aliingia chumba cha mizani akipiga mluzi. Hilo pekee lilitosha kumfanya Shangazi aache alichokuwa anafanya na kumtazama.

Mchanganyiko wa saa tatu ulihitaji kilo mbili na nusu za bluu. Gramu aliweka ndoo juu ya mizani, akamimina, akagonga kijiko ukingoni mara mbili, akasoma mbili na nusu, akaichukua kalamu ya wino na kuandika. Kisha akaibeba ndoo kuelekea pipa. Yote yalimchukua muda wa kunywa glasi ya maji.

"Gramu," alisema Shangazi.

"Naam."

"Bluu hiyo imekonda."

"Imekonda vipi? Ni mbili na nusu."

"Mimi sijasema ni ngapi. Nasema imekonda. Kila siku inafika kwenye msumari wa mpini. Leo iko chini yake vidole viwili."

Alirudi, akaiweka ndoo chini. Shangazi aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akatafuta ndoo nyingine ya aina ile ile, tupu, akaiweka juu ya mizani. Mizani ikasoma gramu mia tatu na kumi. Macho yalimtoka Gramu pima. Alikuwa amepima rangi pamoja na ndoo. Kilichokuwa kinakwenda kwenye pipa kilikuwa kilo mbili na gramu mia moja na tisini, na kitabuni, kwa wino, kwa mkono wake, mlikuwa na mbili na nusu.

Alikaa juu ya gunia la chumvi.

"Leo ningemwaga unga," alisema. "Unga wa miaka kumi na tisa."

"Haujamwagika. Kaa vizuri, gunia hilo limetoboka."

Alimweleza habari za vipande na kopo la vifungo. "Jioni moja tu, Shangazi. Saa moja haikufika. Nimefundishwa kutorudia, na mkono umeitika haraka kama ulikuwa unasubiri ruhusa." Alifuta viganja vyake kwenye koti. "Basi, nimeshaona. Ni ya kijani. Siwezi kuwa na mikono miwili, mmoja wa mtihani, mmoja wa kazi. Nikifaulu kule nitaharibu huku."

Shangazi aliifunga ndoo ya bluu kwa mfuniko, akaweka mikono kiunoni, na Gramu, aliyefanya naye kazi miaka kumi na moja, alijua kwamba sasa atapewa vidonge vyake.

"Soma pale ukutani," alisema.

Ukutani kulikuwa na fremu yenye kanuni za chumba cha mizani. Kioo chake kilikuwa na vumbi la magadi.

"Nazijua."

"Najua unazijua, wewe ndiye uliyezitundika. Nisomee ya nne."

Gramu alisoma bila kuinuka. "Mpimaji wa kwanza atapima na kuandika kwa penseli. Mpimaji wa pili atapima upya, bila kuitazama namba ya kwanza, na kuandika kwa wino."

"Mpimaji wa pili wa kiwanda hiki ni nani?"

"Wewe."

"Nimepima lini mara ya mwisho?"

"Nilipokwenda likizo."

"Ulikwenda likizo mwaka gani?"

Gramu alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Miaka kumi na moja nashika brashi," alisema Shangazi. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyomo stoo. "Wewe unapima ya kwanza, wewe unapima ya pili, mimi nasafisha sahani na kuweka sahihi. Mwanzoni nilidhani unanifundisha. Halafu nikadhani labda umeniona sijui kusoma vizuri. Baadaye nikaelewa kwamba si mimi. Ungeletewa malaika hapa, naye ungempa brashi."

"Hakuna mchanganyiko hata mmoja uliomwagwa—"

"Kwa miaka kumi na tisa. Nimeisikia kila mwaka, na mikono ukiiweka nyuma. Sasa niambie. Yale mawili uliyokosa kwenye mtihani, uliyarudia?"

"Niliyarudia."

"Ukaliona kosa?"

"Sikuliona."

"Utalionaje, na ndicho kichwa kile kile kilicholifanya? Mimi hesabu zenu za chuo sizijui, lakini leo nimejua ndoo. Sikuijua kwa sababu nina akili kukuzidi. Nimeijua kwa sababu si mimi niliyemimina."

Nje forklifti ilipita, ikapiga honi, ikapotea. Kengele ya mchanganyiko ililia kutoka upande wa pipa. Walikuwa wanaisubiri bluu. Gramu alitazama kitabu. Safu ya penseli ilikuwa yake. Safu ya wino ilikuwa yake. Sahihi ya Shangazi ilijipanga pembeni, ukurasa hadi ukurasa, nzuri, ya mviringo, kama ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kutosha ya kuifanyia mazoezi.

Alikuwa mtu mwenye majivuno, na mtu wa namna hiyo anapolazimika kuomba, maneno humtoka kwa mafungu. Aliinuka. Aliikata ile namba ya mbili na nusu kwa mstari mmoja. Aliisukuma kalamu ya wino juu ya meza mpaka ikagota kwenye kiganja cha Shangazi.

"Naomba upime nyuma yangu," alisema.

"Leo?"

"Kila siku."

"Kila siku ni siku nyingi, baba. Tuanze na leo."

Gramu alipima upya ya kwanza, ndoo kwanza, na kuandika kwa penseli. Kisha Shangazi akavaa miwani na kupima ya pili. Alipima polepole. Alimimina kidogo, akangoja mshale utulie, akamimina tena. Gramu alisimama kando akiwa na mikono nyuma, halafu mbele, halafu hakujua aiweke wapi. Mwishowe akachukua brashi.

Dereva wa forklifti alipopita mara nyingine alipunguza mwendo. "Nimeona vibaya au Gramu ameshika brashi?"

"Endesha mashine yako," alisema Shangazi.

Jioni ile, kwenye meza ya kukatia, Gramu alijaza fomu ya njano. Mkewe alimtazama akiandika mpaka mwisho.

"Umekata shauri."

"Nimekata."

"Na kiti?"

"Nimeinuka."

"Mimi bado nasema kijani."

"Najua, Mama Mapacha."

Aliangalia kama mumewe atairudia fomu, kama kawaida yake, kwa rula chini ya kila mstari. Gramu aliikunja na kuitia mfukoni. Mkewe akavuta kilichobaki cha kitabu cha mazoezi na kuuchukua mkasi. "Basi ngoja nikate mengine," alisema. "Safari hii themanini."

Ijumaa saa tano na nusu foleni ya dirisha namba tatu ilikuwa inafika ngazini. Mkono wa Gramu uliingia mfukoni mara tatu kuitoa fomu airudie, na mara tatu akaurudisha mtupu. Wengi mbele yake walishika kijani. Mmoja aliyeshika njano aliitazama ya Gramu ilipotoka mwishoni, wakapeana salamu ya vichwa, kama watu wawili waliokutana kwenye mlango wa daktari.

Dirishani alikaa karani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliipokea fomu, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Gramu aliiona ile rula na kitu kikatulia ndani yake.

"Unafahamu kwamba alama zako za sasa zinafutwa?"

"Nafahamu."

"Si siku ya mtihani. Ni hapa, nikigonga muhuri. Ukiugua ukashindwa kuja, huna kitu."

"Nafahamu."

Rula ilishuka mstari mmoja, wa pili, ikasimama. "Mzee, hapa kwenye mwaka wa kuzaliwa umeandika mwaka huu."

Gramu aliinama kwenye tundu la kioo.

"Kwa karatasi hii hujatimiza hata mwaka mmoja," karani alisema, na mtu wa nyuma kwenye foleni akacheka kwa pua.

Wiki moja kabla, jambo hilo lingemtoa Gramu chuoni akiwa na aibu ya mwezi mzima. Alichukua kalamu iliyofungwa kwa kamba, akakata, akaandika mwaka sahihi, akaweka sahihi kando ya sahihisho kama inavyotakiwa.

"Kuna lingine?" aliuliza.

"Ngoja nimalize. Ndiyo kazi yangu."

Alingoja, na mikono yake nyuma. Rula ilishuka hadi chini kabisa bila kusimama tena. Karani akavuta kidau cha wino, akagonga muhuri mara moja, sauti kavu, na hamsini na saba za Gramu zikawa hazipo. Akapewa kipande cha karatasi chenye tarehe ya mtihani na namba ya meza.

Alifika kiwandani saa saba na robo. Mchanganyiko wa saa sita ulikuwa umeshaingia kwenye pipa. Ulikuwa wa kwanza kwa miaka mingi kupimwa yeye akiwa nje ya geti. Kitabu kilikuwa wazi mezani. Safu ya wino ilikuwa na maandishi ya mviringo. Safu ya penseli ilikuwa na namba zilizolala ubavu, za mkono asioujua.

"Nani alipima ya kwanza?" aliuliza.

"Dereva," alisema Shangazi.

"Dereva wa forklifti?"

"Alikosea."

Gramu alimtazama.

"Ndiyo maana nikapima ya pili," alisema Shangazi. "Umepeleka ipi?"

"Ya njano."

"Sawa."

Gramu alivaa koti lake la kazi, akafunga vifungo vyote mpaka juu, akauliza brashi iko wapi.